Glasi ya Ushahidi

Jirani yangu alikuwa ameshaamua: nyanya zake zimepigwa jicho. Na ukiziona, huwezi kumlaumu. Adhuhuri zinalala hoi, jioni zinainuka, baada ya siku chache haziinuki tena, na majani bado ya kijani kabisa. Tiba yake ilikuwa ndoo ya maji asubuhi, ndoo jioni, na maneno makali yaliyoelekezwa uani kwa watu.

Mimi ule ukijani ndio ulionishtua. Mnyauko fuzari, ule unaoletwa na kuvu, hutangulia kugeuza majani ya chini kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mche. Mnyauko bakteria hauna subira hiyo. Nikaomba kisu na glasi ya maji safi. Nikakata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, nikakishika wima, mkato ukigusa maji tu, bila kutikisa. Dakika chache, nyuzi nyeupe zikaanza kushuka, mfano wa moshi wa ubani uliopotea njia.

"Umeona? Bakteria hao."

"Nimeona! Kijicho kimetoka chenyewe!"

Nikamweleza kwamba hakuna dawa ya kupuliza inayoponya. Mche unang'olewa na mizizi yake yote, unatiwa mfukoni palepale shambani, haupelekwi kwenye mboji. Jembe na kisu vinaoshwa kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Na zile ndoo zake ndizo zilizokuwa zikiwasafirisha wadudu hao kutoka shimo hadi shimo. Nilikuwa nimefika hapo kwenye ndoo alipoinyakua glasi.

"Kirudi kwa aliyekituma!" Akaimwaga yote juu ya ua.

Ng'ambo ya ua ni tuta langu. Nyanya, zimeanza maua.

Kwake sasa pana mahindi. Kwa miaka mitatu au zaidi hapati ruhusa yangu ya nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, na hata mnavu unaojiotea ung'olewe, maana wote ni ukoo mmoja na bakteria huyo hubisha hodi kwao wote. Mimi nimehamia kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, zenye udongo wa kutoka kwingine.

Mkewe, katika yote haya, alikuwa na swali moja: kwa nini tulichukua glasi ya seti ya wageni? Nikamshauri aioshe kwa jiki. Akaniuliza kama jiki inatoa na husuda.