Mfumo wa tiketi bila barua pepe ni ukurasa tu

Niseme wazi toka mwanzo, kusimika mfumo wa tiketi, yaani programu inayopokea maombi ya msaada na kuliwekea kila ombi namba yake, kwenye seva ya Linux sio kazi ngumu, na shida inaanzia hapohapo. Kwasababu kazi yenyewe ni nyepesi, watu wengi wanaishia pale ukurasa unapofunguka kwenye brauza, wanapiga skrinishoti, wanamtumia bosi kwamba mfumo uko tayari, halafu baada ya muda ukipita pale ofisini hakuna anayeutumia na maombi yote yamerudi kwenye grupu la WhatsApp.

Na hilo grupu mimi naliongelea kwa uchungu kabisa. Mtu wa uhasibu anaandika saa tatu asubuhi kwamba printa haitoi, chini yake kuna mtu kaweka kadi ya harusi, zinafuata hongera kumi na kitu, mwingine anauliza paswedi ya wifi, mwingine anatangaza msiba, mpaka fundi anashika simu yake saa sita ile ya printa imeshapanda juu huko haionekani tena. Hapo hakuna mvivu na hakuna aliyekataa kazi, ombi limezama tu. Mwisho wa mwezi bosi anauliza kitengo cha TEHAMA kimefanya nini na watu wamehangaika mwezi mzima lakini hawana hata namba moja ya kuonyesha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nayo ni mali.

Sasa daftari lipi? Yapo mengi na mengine ni ya zamani sana, Request Tracker aliianza Jesse Vincent mwaka 1996, imeandikwa kwa lugha ya programu ya Perl na mpaka leo iko imara, ila ukiisimika kutoka kwenye kodi yake utakutana na msururu wa moduli za Perl mpaka uchoke. Bugzilla ya 1998 ni nzuri kwa watu wanaotengeneza programu, sio kwa dada wa mapokezi anayetaka kusema simu ya mezani imekufa. Zammad inapendeza machoni kuliko zote, lakini inakuja na Elasticsearch, programu ya kutafutia, na hiyo inakula RAM, kwa seva ndogo utaumia. OTRS watu waliipenda miaka mingi halafu toleo lake la bure likaachwa mwisho wa 2020 na waliobaki wakahamia Znuny. Mimi kwa ofisi ya kawaida, yenye mafundi wachache na seva moja ya bei ya chini, naenda na osTicket. Imeandikwa kwa lugha ya PHP na data zake zinakaa kwenye database ya MySQL au MariaDB, vitu ambavyo kijana yeyote aliyewahi kupandisha tovuti anavijua, kwahiyo siku mimi sipo mwingine ataendelea.

Kusimika kwenyewe naipita haraka. Chukua Debian 12, aina mojawapo ya Linux, inakuja na PHP 8.2 na osTicket 1.18 inaelewana nayo vizuri. Hilo la toleo la PHP liangalie kabla hujashusha kitu chochote maana ndo linawakwamisha wengi, mtu anachukua osTicket ya zamani aliyoikuta kwenye mafunzo fulani anaiweka kwenye PHP mpya anapata ukurasa mweupe hajui aanzie wapi. Weka Apache inayofungua kurasa, MariaDB, PHP na viongezi vyake, mysqli, gd, imap, xml, mbstring, intl, apcu na zip. Tengeneza database na mtumiaji wake peke yake, usimpe haki za root, yule mwenye mamlaka yote. Fungua zipu, yaliyomo kwenye folda ya upload yapeleke /var/www/osticket, ingia kwenye include, nakili ost-sampleconfig.php iwe ost-config.php, ipe chmod 0666, yaani ruhusa ya kuandikwa, kwa muda, fungua brauza ujaze fomu. Ukimaliza irudishe 0644 na ufute folda ya setup, na usiseme nitafuta kesho, mfumo wenyewe utakukumbusha kwenye paneli ya admin na una haki ya kukukumbusha. Cheti cha Let's Encrypt cha kulinda mawasiliano ya tovuti (HTTPS) weka siku hiyohiyo, ni bure, kinadumu siku 90 na certbot inakihuisha yenyewe.

Kwenye hiyo fomu kuna kitu kimoja watu wanabishana nacho. Barua pepe ya mfumo na barua pepe ya admin lazima ziwe mbili tofauti, ukiweka moja kote fomu inakataa. Watu wanaona usumbufu ila fikiria kidogo tu, mfumo unasoma boksi la barua pepe la sapoti, kila ujumbe unaougeuza tiketi unatuma taarifa kwa admin, kama admin naye anakaa kwenye boksi lilelile basi ile taarifa nayo inakuwa tiketi, nayo inaleta taarifa nyingine, na nyingine. Hiyo sheria imewekwa na watu walioona mbali.

Sasa ndo tumefika kwenye kazi yenyewe.

Mfumo wa tiketi unaishi kwa barua pepe. Mtu mwenye shida asiambiwe fungua akaunti, sijui thibitisha, sijui kumbuka nywila nyingine tena. Aandike kwa sapoti kama anavyomwandikia mtu yeyote, apate namba ya tiketi, ajibu palepale, na jibu lake liingie kwenye tiketi ileile. osTicket inayaweza yote hayo, inasoma namba kwenye kichwa cha ujumbe na inasoma pia alama zilizofichwa ndani ya barua pepe zinazoonyesha ujumbe gani unajibu upi. Ila haifanyi hivyo mpaka uiunganishe na boksi, na hapa ndo mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuacha njiani kwasababu yameandikwa zamani, yanakwambia weka jina na paswedi basi. Dunia ilishabadilika. Google waliondoa njia hiyo kwenye akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022, Microsoft nao wakaanza kuizima kwenye Exchange Online kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022. Sahivi unatakiwa kutumia OAuth2, njia ya kuruhusu programu iingie kwenye boksi bila kuipa paswedi yako, na osTicket ilileta plagini yake kuanzia toleo la 1.17, ni faili la phar unaliweka kwenye include/plugins halafu unaliwasha kwenye paneli. Kwa Gmail bado unaweza kutumia paswedi maalum ya programu ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, kwa ofisi ndogo inatosha.

Halafu cron, ile kazi ya Linux ya kuendesha amri kwa ratiba. Nisikilize vizuri kwenye cron. Kuna ofisi moja niliitwa, malalamiko yao ni kwamba tiketi za usiku haziji, zinakuja zote kwa mpigo asubuhi, na wameshabadilisha mpaka mtoa huduma wa intaneti wakidhani tatizo liko huko. Ukiingia kwenye setingi za barua pepe unakuta wamewasha ile ya kuvuta ujumbe kwa cron ya kujiendesha, jina lake linamdanganya mtu maana haijiendeshi kabisa, inategemea fundi awe ameingia kwenye paneli na ukurasa uko wazi. Fundi akienda nyumbani, mfumo nao unalala. Akirudi asubuhi akafungua paneli, ujumbe wa usiku mzima unamwagika. Dawa ni mstari mmoja kwenye faili la /etc/cron.d/osticket:

*/5 * * * * www-data /usr/bin/php /var/www/osticket/api/cron.php

Basi. Kila dakika tano seva inafungua boksi yenyewe, fundi awepo asiwepo. Ule mstari hata dakika moja hauchukui kuandika, na ofisi nzima ilikuwa imeshaamua mfumo ni mbovu.

Upande wa kutuma nao usiuache hivihivi. Usipoweka SMTP, yaani seva ya kutumia barua pepe, osTicket inatuma kwa njia ya kawaida ya PHP moja kwa moja kutoka kwenye seva yako, na seva ya bei ya chini ambayo haijulikani popote majibu yake yanatupwa kwenye spamu. Mtu ameandika shida yake, hajaona jibu, anahitimisha kwamba mmempuuza. Tuma kupitia SMTP ya boksi lilelile la sapoti, na kwenye domeni yenu hakikisheni SPF na DKIM, alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, zipo, toka Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza sana kwenye hilo.

Tuje kwenye vitu vya ndani. osTicket inakuja na idara tatu za Kiingereza na mada kama maulizo ya jumla na ripoti ya tatizo. Futa. Kaa na watu wa ofisi uandike mada kwa maneno yao, "Printa haitoi", "Intaneti imekatika", "Nimesahau nywila", "Naomba kompyuta ihamishwe". Kila mada ielekeze kwa fundi wake moja kwa moja. Hili kwangu ni jambo la heshima, mtu asome fomu aelewe bila kumuuliza mwenzake.

Angalia na ratiba ya kazi. Kuna ratiba inakuja nayo ya Jumatatu mpaka Ijumaa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, inaonekana safi kabisa unaichagua unaendelea, kumbe jina lake linamalizikia na sikukuu za Marekani. Maana yake saa za SLA, muda mlioahidi kumaliza tiketi, zinasimama siku yao ya uhuru tarehe 4 Julai wakati nyie mko kazini, halafu tarehe 7 Julai ofisi imefungwa kwa Sabasaba na mfumo unahesabu tiketi zimechelewa. Tengeneza ratiba yenu, weka Mapinduzi 12 Januari, Karume Day 7 Aprili, Nanenane 8 Agosti, siku ya Nyerere 14 Oktoba, na Idd utaziingiza mwezi ukionekana. Saa za eneo weka Africa/Dar_es_Salaam. Ripoti ya ucheleweshaji inayomlaumu fundi kwa siku ya sikukuu inavunja moyo na haina maana yoyote.

Bakapu. Watu wananakili folda ya /var/www wanaona wamemaliza, wakati viambatisho vyote kwa kawaida osTicket inavihifadhi ndani ya database. Kila mtu anayepiga picha ya kioo cha kompyuta na simu ya megapikseli nyingi akaituma nzima, hiyo picha inaingia kwenye database. Kwahiyo nakili database kwa amri ya mysqldump kila usiku, nakala itoke nje ya seva hiyo iende sehemu nyingine, pamoja na ost-config.php maana ndani yake kuna ufunguo unaotumika kufungua paswedi za maboksi mlizohifadhi. Kama database inanenepa haraka ipo plagini ya kuhifadhi viambatisho kwenye diski, iweke mapema kabla haijawa kubwa.

Najua kuna watakaosema watu wetu hawatumi barua pepe, wanapiga simu au wanakuja dirishani. Kweli kabisa, na mimi sidhani mama wa stoo anatakiwa kubadilika kwa ajili ya programu. Fundi ndo abadilike. osTicket inamruhusu fundi kufungua tiketi kwa niaba ya mtu na kuchagua kwamba chanzo ni simu, kwahiyo mama akipiga, fundi anasikiliza huku anaandika, akikata simu tiketi ipo. Mtu akituma kwenye WhatsApp, anajibiwa vizuri kwa jina lake na fundi anaingiza mwenyewe, sio kumwambia nenda kajaze fomu.

Na bosi naye ana sehemu yake, akitaka kujua kazi zimefikia wapi afungue foleni ya tiketi asome, aache kuwapigia mafundi simu mmojammoja. Siku atakapoanza kuuliza kwa namba ya tiketi, ofisi nzima itaanza kuandika tiketi.