Seli iliyopigwa mionzi: kujiua kwake kunamfaa nani?

Protini ya p53 inasifiwa kuwa mlinzi wa DNA: mionzi ikikata nyuzi, huisimamisha seli, uharibifu ukizidi, huifanya ijiue, saratani ikakosa pa kuanzia. Sifa hiyo haikutoka hewani. Panya waliozaliwa bila p53 hupata saratani wakiwa bado wadogo, na mionzi huiharakisha. Ninachotilia shaka ni kimoja: kwamba kinga hiyo inatokana na vifo vingi vya seli katika saa chache za mwanzo.

Dozi ya grei 1 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa) ya eksirei huacha katika kila seli takribani mikato 1,000 ya uzi mmoja na kama 40 ya nyuzi zote mbili. Ile 1,000 hurekebishwa bila taabu, kwa kuwa uzi wa pili ungali mzima na unanakiliwa. Hatari iko kwenye ile 40. Protini za kundi la MRN hushika ncha zilizokatika na kukiamsha kimeng'enya ATM, nacho hubandika fosfeti kwenye H2AX, mojawapo ya histoni, yaani protini zinazozungukwa na DNA, pande zote za mkato. Zipake seli kingamwili inayong'aa na kushika H2AX yenye fosfeti hiyo: nusu saa baada ya mionzi kiini kimejaa vidoa, takriban kimoja kwa kila mkato. Kesho yake vingi vimezimika. Vilivyobaki ndivyo vya kuhesabu kwa makini, maana ni mikato iliyoshindikana au iliyokawia.

Ukarabati una njia kuu mbili. Protini za Ku70/80 na ligasi 4 huunganisha ncha upesi, wakati wowote, ila herufi kadhaa zaweza kupotea, na ncha za kromosomu tofauti zaweza kuungwa pamoja. Protini za RAD51 na BRCA2 hufanya kazi safi zaidi, lakini husubiri DNA iwe imeshanakiliwa.

ATM hiyohiyo huiokoa p53 isivunjwe kwa kazi ya MDM2, protini inayoitia alama ya kuvunjwa. p53 ikirundikana, huwasha protini p21 na mgawanyiko husimama, au huwasha protini PUMA na seli hujiua. Seli za uboho hufa kwa wingi. Za tishu unganishi husimama tu, nyingine daima.

Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba kuizuia p53 kwa muda, kwa dawa ya pifithrini, kuliwaokoa panya waliopigwa dozi ya kuua. Mwaka 2006 likaja jaribio lililonishawishi zaidi: panya ambao p53 yao huwashwa na kuzimwa kwa dawa. Ilipowashwa wakati wa mionzi, seli zilikufa tele, lakini limfoma, saratani ya seli za kinga, haikuzuilika. Ilipowashwa siku 8 baadaye, mikato imeshazibwa, panya walikingwa. Maana yake p53 ilizinasa seli chache zilizoanza kwenda kombo. Vifo vya mwanzo vilikuwa hasara tupu.

Je, basi izimwe wakati wa tiba ya mionzi? Takribani nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika, kwa hiyo kuizuia kungekinga uboho bila kuupa uvimbe wa aina hiyo nafuu yoyote. Hapo utumbo unaleta pingamizi zito. Katika dozi kubwa, panya wasio na p53 hufa mapema zaidi kwa kuharibika utumbo: seli zake, bila p21 ya kuzisimamisha, huingia kugawanyika zikiwa na kromosomu zilizokatika na kufia humo. Mimi ningekubali dawa hiyo kwa mionzi inayogusa uboho na kuliacha tumbo, kwa sharti kwamba iishe mwilini ndani ya siku chache, kabla kazi halisi ya p53 haijaanza.