Farasi wa kwenye skrini sharti azeeke

Hapa kwetu ukisema unafuga farasi wa kwenye skrini, anayekusikia atajua unabeti. Vibanda vya kubeti vya Nairobi na Dar es Salaam vina televisheni ambazo farasi wa kompyuta hutimka kila baada ya dakika chache, na wengi wetu farasi wa mbio tunaowajua ni hao tu. Lakini ziko gemu ambazo Wajapani wamekuwa wakizicheza tangu 1991, ambamo mbio zenyewe zinapita upesi na kazi kubwa iko shambani: kuchagua dume, kulipia mbegu, kungoja mtoto azaliwe, kumlea, kumkabidhi kwa mkufunzi, na miaka kadhaa baadaye kumrudisha nyumbani awe mzazi.

Gemu hizi zina mashtaka mawili. La kwanza ni kamari. La pili, ambalo husemwa zaidi na wapenda wanyama, ni ukatili: mnyama anageuzwa namba, na mwenye namba mbaya anatupwa. Shtaka la kwanza lina uzito na tutalifikia. Hili la pili ndilo naona watu wamelishika kichwa chini miguu juu.

Tuanze na Derby Stallion, gemu aliyoibuni Hiroyuki Sonobe na kampuni ya ASCII ikaitoa kwa mashine ya gemu ya Famicom. Majira ya kuchipua unampandisha jike; mwaka unaofuata mtoto yuko chini, na msimamizi wa shamba anasema neno juu yake. Akimsifia, moyo unadunda. Asipomsifia, umeshajua. Tatizo ni kwamba banda lina nafasi za kuhesabika. Zikijaa na mtoto mwingine yuko njiani, mmoja lazima atoke. Unafungua orodha, na macho yanatua kwa yule wa miaka mitano ambaye hajashinda tangu akiwa na miaka mitatu. Jina lake ulilitunga mwenyewe, kwa herufi zisizozidi 9 kama kanuni za Japani zinavyotaka. Mguu una jeraha, na matunzo yake unayalipia. Unabonyeza. Ameondoka.

Wakosoaji wanaishia hapo: mmeona? Mimi nadhani hapo ndipo pa kuanzia. Japani huzaliwa zaidi ya watoto 7,000 wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, kila mwaka. Derby yao, mbio zao kuu, inayofanyika Tokyo mwishoni mwa msimu wa kuchipua kwa farasi wa miaka mitatu, ina nafasi zisizozidi 18. Hiyo ni chini ya watatu katika kila elfu. Mtazamaji aliyekaa jukwaani na kofia yake nzuri anawaona hao 18, anampigia makofi mmoja, kisha anarudi nyumbani. Hao maelfu waliobaki hakuna anayemwonyesha, wala yeye haulizi. Na hata kushinda si kinga. Farasi Ferdinand alitwaa Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani, mwaka 1986, akauzwa Japani kuwa dume la mbegu, wateja wakapungua, na mwaka 2003 habari zikatoka kwamba aliishia machinjioni. Mchezaji wa Derby Stallion hawezi kushangazwa na habari hiyo kama mtu wa jukwaani, kwa sababu ameshakaa mbele ya ile orodha akachagua nani atoke.

Kujua si kujali, mpinzani atasema, na mtu akibonyeza mara nyingi anazoea. Ni kweli. Wapo pia wanaozima mashine na kuanza upya kila mtoto mbovu anapozaliwa, mpaka apatikane wanayemtaka, na hao sina utetezi wao. Lakini mazoea ya mchezaji yana gharama ndani ya mchezo wenyewe: farasi anazeeka, anavunjika, wakati mwingine anafia uwanjani, na hela ya mbegu hairudi.

Lipo pia lalamiko la wanaojua urithi wa damu, kwamba gemu hizi zinaufanya uonekane rahisi mno. Mfano wao mkuu ni 18.75%. Babu mmoja akitokea kizazi cha tatu upande mmoja wa ukoo na cha nne upande wa pili, damu yake kwa mtoto inahesabiwa 12.5% na 6.25%, jumla 18.75%, na mchezaji anaifukuzia namba hiyo mpaka usingizi unampaa. Ila namba hii haikuzuliwa na waunda gemu. Wafugaji wa Japani wenyewe waliipa sifa ya muujiza kabla yao. Orfevre, mshindi wa mataji matatu makuu ya mbio za Japani mwaka 2011, ana dume Northern Taste mara mbili katika ukoo wake kwa mpangilio huo huo. Daring Tact, aliyeyatwaa ya majike mwaka 2020, ana dume Sunday Silence vivyo hivyo. Wakosoaji wana haki kusema tunawahesabu waliofaulu na kuwasahau wengi wa damu hiyo hiyo walioshindwa hata kukimbia. Ila Derby Stallion inakutoza kwa hilo: ukikaza damu, unaweza kupata mwenye mbio lakini mgonjwa na mwenye hasira.

Sasa kamari. Zed Run, ya kampuni ya Australia, iliuza farasi wa kidijitali kwa fedha halisi, na mwaka 2021 mmoja aliripotiwa kuuzwa dola 125,000. Hao farasi walizaa, watoto wao wakazaa, na mwenye dume akatoza ada kila lilipopanda. Kilichokosekana ni uzee. Farasi wa Zed Run hakuzeeka wala hakufa, kwa hiyo kila uzao uliongeza idadi na hakuna kilichoipunguza. Bei ziliporomoka, na walionunua mwisho ndio walioachwa na hasara. Watu walilaumu sarafu za kidijitali, na lawama hiyo ina sehemu yake, lakini hata kwa shilingi soko la mifugo isiyokufa lingefika pale pale. Ajabu yake ni kwamba hii ndiyo gemu isiyo na ule ukatili wa orodha. Hakuna anayetolewa. Wote wapo milele, na wengi hawana thamani.

Uma Musume: Pretty Derby ya Cygames, iliyotoka Japani mwaka 2021, iko katikati. Farasi halisi wamegeuzwa wasichana wakimbiaji, na wapya unawapata kwa gacha, bahati nasibu ya ndani ya gemu: 3% kupata wa nyota tatu, na mpaka majaribio 200 ndipo uruhusiwe kuchukua umtakaye. Hiyo ni kamari yenye nguo nzuri; sitaki kuipamba zaidi. Ila mwangalie Haru Urara. Farasi halisi alikimbia mara 113 huko Kochi, Japani, bila kushinda hata mara moja, watu wakaweka tiketi zake kama hirizi. Kwenye gemu ni mkimbiaji wa mchanga wa mbio fupi, na lengo lake la mwisho ni mbio kubwa za Arima Kinen: nyasi, mita 2,500, ambako kote ana daraja la chini kabisa, G. Kumsaidia unahitaji ukoo. Wazazi wawili na mabibi wanne, kila mmoja akimwachia nyota zisizozidi tatu za aina moja tu, ni nyota 18. Ukiweka wanne kwenye nyasi, nyota 10 kati ya 12 zao zinatosha aanze na C. Wawili wanaobaki, na nyota zao sita kwenye masafa marefu, wanampa E. Ili kufika hapo unakuza wakimbiaji wengine sita kwanza, mmoja mmoja, kwa ajili ya yule ambaye huenda ashindwe tu.

Watu wanaofanya hivyo wamekwenda mbali zaidi ya skrini. Mchango wa kila mwaka wa siku ya kuzaliwa ya Nice Nature, farasi mzee mwingine aliyemo kwenye gemu, ulikuwa chini ya yeni milioni 2 mwaka 2020. Gemu ilipotoka mwaka 2021 ukapita milioni 35, kisha 54, kisha 74 mwaka 2023, mwaka aliokufa, na fedha hizo zilikuwa za kutunza farasi waliostaafu kwa jumla. Ni kweli kwamba mwenye sura kwenye gemu ndiye anayevuta hela. Haru Urara aliletewa nyasi na mashabiki wa ng'ambo kabla hajafa Septemba 2025, akiwa na miaka 29. Farasi wa Kochi asiyejulikana hakuletewa.

Kwa hiyo ningekuwa naunda gemu ya aina hii, ile orodha ningeiacha ilivyo. Ningeongeza kitu kimoja ambacho Derby Stallion inakificha: farasi ukishamtoa bandani, bili ya nyasi zake iendelee kukujia mpaka afe.