Admin si mwanamke, jamani

Kwanza niseme: sikulia. Aliyewarushia kwenye magrupu ile sauti ya dakika nne, kwamba nimelia mbele za watu kwenye semina niliyofundisha mwenyewe, ni rafiki yangu wa bodaboda, na wakati wa tukio alikuwa nje chini ya mwembe anakula muhogo. Yale macho mekundu ni moshi, maana nyuma ya ukumbi kulikuwa na mtu anachoma migebuka. Mengine aliyosema ni kweli, ila kayapanga vibaya. Naomba niyapange mwenyewe kabla hayajafika Kasulu. Yakifika Kasulu hayarudi.

Mnaonifuata hapa mnajua najiita Daktari wa Waifai. Jina nilijipa mwenyewe, hilo nalo nakiri. Nina kibanda cha stationeri Mwanga, hapa Kigoma, lakini hela ya mboga inatoka kwenye kufunga ruta, vile visanduku vya kurusha waifai: duka la vifaa vya ujenzi, wakala wa pesa, gesti, muuza mawese. Elfu thelathini, nusu saa. Nachomeka, naandika jina la biashara, naweka paswedi, nabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa ili mteja asisumbuke, kwaheri.

Sasa wafanyabiashara wa kikoba kimoja hapa mjini wakaingiwa na hofu, wamesikia watu wanaibiwa kupitia waifai ya dukani. Wakasema, tumwite Daktari atufunde. Posho ipo, soda ipo, chapati zipo, ukumbi ni wa gesti moja ambayo ruta yake nilifunga mimi. Nani angekataa? Nikavaa koti. Jamani, koti, Kigoma, na jua lile.

Mweka hazina wa kikoba hicho ni mama mkwe wangu, anauza mawese kwa madumu. Kwamba ni mwanachama nilijua. Sikujua kwamba atakaa kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani, ananitazama kama anavyotazama dumu analohisi limechakachuliwa. Nyuma yake watu kumi na sita. Jumla yao, tisa ni wateja wangu. Ishikeni hiyo tisa, tutaihitaji.

Nusu saa ya kwanza nilipaa. Niliwaambia ulinzi wa zamani uitwao WEP ulivunjwa tangu 2001, kwa hiyo mwenye ruta kuukuu inayoutumia ni sawa na aliyefunga duka kwa uzi. WPA2, ulinzi mpya zaidi wa 2004, ndiyo wengi wanayo, na mkinunua mpya ulizieni WPA3, iliyotoka 2018. Mzee mmoja akauliza kama hiyo WPA2 nayo haivunjiki. Nikamjibu kwamba 2017 Mbelgiji mmoja alionyesha ufa ndani yake, ikabidi watengenezaji watoe marekebisho dunia nzima. Nikaongeza: "Si mnawajua Wabelgiji? Mwaka 1916 waliingia Kigoma hii bila kuuliza paswedi."

Ukumbi ukacheka. Mama mkwe akacheka! Miaka sita ya ndoa, ndiyo siku ya kwanza naona magego yake. Hapo ndipo nilipaswa kusema asanteni na kukaa.

Nikaendelea. Mteja anayekunywa soda asiwe kwenye mtandao mmoja na kompyuta ya hesabu na kamera za ulinzi, ruta nyingi zina mtandao wa wageni, uwasheni. Kuficha jina la waifai hakumzuii mwizi, ana programu za bure za kulifichua. Ile WPS ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe izimeni, maana ina namba ya siri ya tarakimu nane tu na kuna vifaa vya kuikisia. Yaandikeni hayo, ni kweli yote. Tatizo halikuwa somo, lilikuwa mwalimu.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo rafiki yangu ameruka.

Nilikuwa nimewasha hotspoti ya simu yangu na kuipa jina lilelile la waifai ya gesti, MAPOKEZI, herufi kwa herufi. Nilitaka waone MAPOKEZI mbili, waelewe kwamba mtu yeyote aliyekaa barazani anaweza kuzua pacha wa uongo, mteja akajiunga naye bila kujua, na vitu vyake vikapitia mkononi mwa mwizi. Somo tamu. Nilishalifanyia mazoezi mbele ya kioo, na koti.

Nikasema, "Ndugu zangu, toeni simu. Fungueni orodha ya waifai."

Simu zikatoka. Slaidi zangu zikaganda ukutani, laptopu ikasema haina intaneti. Nikatabasamu, nikasema, "Na huu pia ni mfano." Mfano wa nini, sijui mpaka leo.

Kijana wa duka la simu, safu ya pili, akainua kichwa. Akanitazama. Akarudi kwenye simu. Akanitazama tena. Jirani yake akamwinamia. Bwana wa vifaa vya ujenzi akakohoa, na hana mafua. Nikauliza, "Mmeona mbili?" Hakuna aliyejibu. Unasikia hadi mafuta ya migebuka yanavyodondokea mkaa.

Mama mkwe hakuja na miwani. Akamgeuzia simu binti wa wakala aliyekaa ubavuni.

"Nisomee, mwanangu."

"Mama, si kitu cha maana."

"Nisomee."

Binti akameza mate. Kisha akasoma kwa sauti ya tangazo la msiba:

"MAPOKEZI. Na nyingine... DAKTARI BADO YUKO NA ADMIN."

Wadau, jina la waifai mwisho wake ni herufi 32. Aliyeandika alitumia 26 pamoja na nafasi. Nilihesabu usiku, sikuwa na usingizi. Na ile MAPOKEZI pekee iliyobaki hewani ilikuwa ya uongo, yangu.

Mama mkwe akatia simu mkobani. Akafunga zipu. Ile zipu ilifungwa jino baada ya jino, tangu Ujiji hadi Mwandiga. Kisha akauliza, taratibu:

"Mkwe. Huyo Admini ni nani?"

"Mama, Admini si mtu."

"Si mtu?"

"Ni... yupo kwenye ruta, mama. Anakuja nayo tangu kiwandani."

"Kwa hiyo kila unakokwenda kufunga ruta, yeye yupo."

"Ndiyo mama. Hapana mama."

"Na mwanangu anamjua?"

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Nililifikiria lote, mita kwa mita.

Kwa ambao hawajaelewa (na wewe shemeji unayemsomea mama hii, soma kwa sauti hapa): ruta ina paswedi mbili. Ya kwanza ni ya kujiunga, ile ninayobandika ukutani. Ya pili ni ya kuingia kwenye ukurasa wa kuiendesha ruta yenyewe. Unaandika 192.168.1.1 kwenye brauza, au namba iliyo kwenye stika ya chini ya ruta, inakuuliza jina na paswedi, na kwa ruta kama zile kiwandani wameweka admin na admin. Fundi anatakiwa abadilishe siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa naiacha makusudi ili nikirudi kuitengeneza nisisumbuke kukumbuka. Kwa hiyo yeyote aliyesoma karatasi yangu ukutani alikuwa hatua moja kutoka kuwa mwenye nyumba.

Aliyepiga hatua hiyo ni mtoto wa mpishi wa gesti, kidato cha tatu. Alikuwa dirishani anasikiliza semina, bure. Akanisikia nasema wizi unaanzia kwenye uzembe, akajaribu, akaingia, akaibadilisha jina waifai ya gesti. Alipoulizwa kwa nini hakuja kuniambia tu, akajibu kwamba aliona si adabu kunikatiza mbele za watu.

Nilidhani nimefika chini kabisa. Ndipo bwana wa vifaa vya ujenzi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Daktari, na ya kwangu?"

Nikanyamaza. Yule wa wakala akasema, "Na yangu?" Vichwa tisa, nawaambieni, tisa, vilinigeukia kwa mpigo, na cha tisa kilikuwa na mkoba mapajani.

"Kwa hiyo," akasema mama mkwe, "Admini yupo hata dukani kwangu."

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Posho nilirudisha, chapati nilishakula. Siku mbili nimezunguka Mwanga, Lumumba hadi Kibirizi, bure, nabadilisha paswedi za ndani, nasasisha programu za ruta, nazima WPS, nawasha mitandao ya wageni, nabandua vikaratasi. Duka la vifaa vya ujenzi nikakuta waifai inaitwa DAKTARI UMECHELEWA na paswedi ya ndani imeshabadilishwa. Ikabidi niombe pini ya hijabu, nibonyeze kile kitundu cha nyuma hadi ruta irudi ilivyotoka kiwandani. Admin naye akarudi, nikamfukuza upya. Mke wangu anamjua Admin sasa, amecheka siku tatu, na simu akipiga ananiuliza kwanza kama niko peke yangu.

Kwa mama mkwe nilipaacha mwisho. Nikaingia, shikamoo, marahaba, kiti hakuna. Nikasema nimekuja kurekebisha ruta. Akasema tayari. Kumbe alishamwita yule mtoto wa mpishi, akampa elfu tano na lita ya mawese. Nikachungulia simu yangu: ADMIN ALISHAFUKUZWA HAPA.

Nikatazama ukutani, karatasi hakuna. Nikaomba paswedi.

"Hiyo ni ya wateja, mkwe."

Hapa nilipo ni nje ya duka lake, juu ya dumu tupu. Natumia bando langu.