Fonti ya slaidi iamuliwe mwanzoni, tena mahali pamoja

Msimu wa mawasilisho kwenye vyuo vyetu vya Mbeya na Iringa huangukia kwenye baridi, Juni na Julai, na ndio msimu ambao steshenari za karibu na vyuo hujaa mpaka usiku. Kazi inayoletwa kwa wingi si ya kuchapa, ni ya kuunganisha. Kikundi kimegawana vipengele, kila mmoja akaandika kwake: huyu kwenye laptopu, yule kwenye simu, mwingine amekopi kutoka ripoti ya waliomtangulia. Flashi zinawekwa mezani pamoja na ombi moja: "Dada, tuunganishie, halafu fonti zote ziwe moja. Tunawasilisha kesho saa mbili."

Hilo la fonti, yaani muundo wa herufi, wengi wanalihesabu kuwa urembo, kitu cha kumalizia kazi ikishaiva. Nalipinga kwa nguvu zangu zote. Fonti inatakiwa iamuliwe kabla neno la kwanza halijaandikwa, na iamuliwe mahali pamoja tu ndani ya faili. Anayebadilisha slaidi kwa slaidi, kichwa kwa kichwa, boksi kwa boksi, anajichosha bure, na bado kuna sehemu zitampita.

Chukua wasilisho la kilimo cha viazi mviringo, mada inayopendwa sana huku kwetu. Slaidi za mwanzo ni Times New Roman kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwenye ripoti. Katikati inaingia Calibri, fonti iliyokuja na Office kama chaguo la kuanzia tangu 2007. Mbele kidogo inatokea Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuiweka mahali pa Calibri mwaka 2023, maana mwanakikundi mmoja ana programu mpya. Kompyuta ya ukumbini ni ya zamani, haina Aptos. PowerPoint haigomi wala haitoi onyo kubwa. Inachukua fonti nyingine iliyopo na kuivalisha maandishi yale. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Herufi za fonti ngeni zina upana wake, kwa hiyo mstari uliokuwa umeenea sasa unakatika, neno la mwisho linashuka chini, boksi linajaa, na kwenye jedwali la gharama safu ya mbolea inashuka hadi nje ya slaidi. Gharama ya mbolea ndiyo hoja yenyewe ya kikundi kile, na ukumbi mzima hauioni.

Kuhusu Times New Roman nina neno. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, kwa hiyo nyumbani kwake ni kwenye karatasi na safu nyembamba. Baadhi ya mistari ya herufi zake ni membamba sana. Kwenye ripoti inapendeza. Kwenye projekta iliyochoka, mapazia hayafungi sawasawa na jua la asubuhi limeingia, ile mistari membamba inamezwa na mwanga, na aliyekaa nyuma anabaki kukisia. Kwa slaidi ningekushauri Arial, Calibri au Verdana, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1996 ikiwa imebuniwa mahsusi kwa ajili ya kusomwa kwenye skrini. Verdana ni pana, itakulazimisha upunguze maneno, na hilo nalo ni faida.

Sasa, mahali pamoja ni wapi? Fungua PowerPoint, nenda View, kisha Slide Master. Upande wa kushoto utaona slaidi moja kubwa juu na nyingine ndogo ndogo chini yake. Ile kubwa ndiyo mama. Kinachoamuliwa pale kinashuka kwa watoto wote. Bonyeza Fonts, shuka mpaka Customize Fonts, uchague fonti ya vichwa na fonti ya maelezo, hifadhi, funga. Slaidi zote zinageuka kwa mpigo mmoja, hata zikiwa mia, na slaidi mpya utakayoongeza inazaliwa na fonti hiyo hiyo. Google Slides nayo ina mahali pa namna hiyo, kwenye menyu ya Slide, pameandikwa Edit theme.

Mtu anafanya hivyo, halafu analalamika kwamba baadhi ya maandishi yamekataa. Hayajakataa. Yalishapewa fonti kwa mkono, na kompyuta inaheshimu amri ya mkono kuliko ya slaidi mama. Dawa ya kwanza ni Reset, iko pale Home: chagua slaidi husika, bonyeza, na maandishi yanarudi kwenye utaratibu wa mama. Lakini angalia, Reset inarudisha pia ukubwa na mahali pa maboksi, kwa hiyo kichwa ulichokuwa umekipunguza ili kienee kitavimba tena. Maboksi uliyoyachora mwenyewe yenyewe hayaguswi na Reset. Hayo yanahitaji Replace Fonts, ambayo imejificha kwenye mshale ulio pembeni ya Replace. Unaiambia fonti ya kuondoa na fonti ya kuweka, nayo inapita kwenye faili lote. Inabadilisha fonti moja kwa zamu, hivyo kama kikundi kimekuletea nne, utairudia. Baada ya hapo pitia grafu na majedwali kwa macho yako. Na yale maandishi yaliyopigwa picha kwenye simu na kubandikwa kama picha, hayo hayatabadilika kamwe, lazima uyachape upya.

Kwa wanaounganisha kazi za watu wengi, siri kubwa iko kwenye kubandika. Ukibandika slaidi, kunatokea kialama kidogo chenye machaguo. Ukichagua Keep Source Formatting, slaidi inakuja na fonti za kwao na rangi za kwao. Ukichagua Use Destination Theme, inafuata za faili lako. Kubofya huko kumoja kunaokoa kazi ya usiku mzima, na inanisikitisha kuona watu wanamaliza cheti cha kompyuta wakijua kuweka maandishi yanayoruka na kuzunguka, ila hili hawajawahi kuonyeshwa.

Kuna wanaosema cha muhimu ni maudhui, fonti haina shida. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Msikilizaji akiona kichwa cha slaidi ya nne hakifanani na cha slaidi ya tano, akili yake inauliza kama mada imebadilika. Kikundi kinachosimama mbele na fonti nne ni kama kwaya iliyopanda jukwaani kila mtu na sare yake: hata mkiimba vizuri, macho ya watu yatahangaika na nguo. Na mkaguzi wa kazi anatambua mara moja kwamba hamkukaa pamoja kuisoma kazi yenu. Huo ni uamuzi kuhusu maudhui, umetokana na fonti.

Agosti nayo inaleta Nane Nane. Kwenye viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, mabanda kadhaa huweka televisheni na kuzungusha slaidi za mbegu, zana au mikopo. Mkulima anapita na mfuko wake mkononi, anasimama kidogo, anasoma kichwa na namba, anaendelea. Kumbadilishia mwandiko kila slaidi ni kumpotezea muda ambao hana. Kwa kikundi cha wakulima kinachotengenezewa slaidi, ningependa kiombe faili lenye fonti zilizopangwa kwenye slaidi mama, ili mwakani wabadilishe bei na takwimu tu.

Kwa walimu wetu vyuoni nina ombi. Miongozo ya ripoti inaeleza fonti, ukubwa na nafasi kati ya mistari bila kuacha kitu. Kwa slaidi, mwanafunzi huambiwa tu aandae. Siku mnapogawa mada, wapeni wanafunzi faili moja tupu ambalo slaidi mama yake imeshapangwa, fonti mbili tu, ya vichwa na ya maelezo, zote zikiwa fonti zinazopatikana kwenye kompyuta za ukumbi watakaosimama. Na kikundi ambacho hakijapewa faili hilo kisisubiri. Mmoja alitengeneze leo jioni, alitume kwenye grupu la WhatsApp, na kila mtu aandike kipengele chake humo humo tangu slaidi ya kwanza.