Mizani Itoke Kiwanjani

Viongozi wa timu zetu hapa Lubumbashi, nina ombi moja ambalo halitawagharimu hata faranga: acheni kupima wachezaji kilo mbele ya wenzao. Nimeliona jambo hili kwenye handiboli, kwenye basketi, kwenye mpira wa miguu wa wasichana na wa wavulana. Naamini linaumiza watoto kuliko rafu yoyote ya uwanjani.

Linakwenda hivi. Asubuhi mizani ya bafuni inawekwa juu ya saruji, kando ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Wasichana wanapanga mstari. Wa kwanza anavua viatu. Wa pili ameshaelewa, anavua viatu na soksi. Wa tatu anatoa hereni, anatoa mkufu, anaenda haja ndogo kwanza ndipo arudi kwenye mstari. Msaidizi wa kocha anasoma namba kwa sauti ili katibu aandike, na wote wanaisikia. Katika timu moja ambayo sitaitaja, golikipa aliyekuwa ameongeza kilo 3 likizoni alipewa jina palepale, "Tani". Jina lilimganda. Watoto wa jirani nao wakaanza kumwita hivyo.

Miezi michache baadaye tulisafiri naye kwenda mechi Likasi. Mezani paliletwa bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa thomson. Nilimtazama mikono. Alimega bukari kidogo, akaifinyanga, akaifinyanga tena, akaichovya kwenye sombe, kisha akaiacha upande wa mwenzake kwenye sahani. Akamega nyingine. Mkono ulikuwa unafanya kazi muda wote, mdomo haukufanya. Tunapokula wengi kwenye sahani moja hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake, kwa hiyo msichana anaweza kukaa na njaa wiki nzima katikati ya watu wanaompenda.

Nikisema kujinyima chakula hivi ni ugonjwa, watu wengi wananijibu kwamba mambo hayo ni ya Wazungu, ya wanamitindo, ya wale wasichana wa jimnastiki. Mchezaji wa timu, wanasema, anakimbia, anachoka, anakula. Ni kweli kwamba michezo ya kujionyesha umbo ina hatari kubwa zaidi. Lakini utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa kwa wanamichezo wa ngazi ya juu wa nchi ile, ulikuta matatizo ya ulaji kwa asilimia 16 ya wanawake wa michezo ya mpira na asilimia 5 ya wanaume wa michezo hiyo. Ukichukua kikosi cha wasichana 20, asilimia 16 ni watatu. Watatu ndani ya basi moja.

Hapa kwetu msichana anavutwa na mikono miwili. Nyumbani, unene ni afya na ni heshima ya familia. Akikonda, mashangazi wanamshika mkono na kumuuliza: "Juu ya nini unakonda vile? Uko mugonjwa? Kula, mama, kula." Na mtaani watakuwa wameshamtafutia ugonjwa, au mchawi. Kiwanjani anaambiwa kinyume chake, kwamba ni mzito na anachelewesha timu. Basi anajifunza kuficha pande zote mbili: anavaa trakisuti kubwa hata joto la Oktoba, nyumbani anasema amekula kwa rafiki, kwa rafiki anasema amekula nyumbani. Wengine wanajificha nyuma ya mfungo. Mimi ni mtu wa kanisa na ninafunga, kwa hiyo nasema kwa upendo: mchezaji anayefunga kila wiki, na mfungo wake unaongezeka kila tarehe ya kupimwa inapokaribia, mchungaji wake na kocha wake wanapaswa kuzungumza naye.

Halafu kuna njaa ya kweli, ile isiyochaguliwa. Bei ya unga wa Zambia ikipanda mpakani Kasumbalesa, nyumba nyingi za Katuba na Kenya, mitaa ya hapa mjini, zinabaki na mlo mmoja kwa siku. Mwili haujui kama umenyimwa chakula kwa sababu ya pesa au kwa sababu ya aibu. Unapata hasara ileile. Na yule ambaye tayari anakula mara moja ndiye huyohuyo tunayempandisha kwenye mizani na kumwambia apunguze.

Hasara yenyewe inafahamika vizuri. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililiweka wazi tatizo hili la mwanamichezo kula chini ya mahitaji ya mwili wake, kwa wanawake na wanaume pia, na mwaka 2023 ikaandika upya mwongozo wake. Mazoezi yanachukua sehemu yake ya nguvu za chakula kwanza, na kilichobaki ndicho kinachoendesha moyo, homoni, mifupa na kinga. Mchukue msichana wa kilo 60, ambaye ukiondoa mafuta mwili wake una kilo 45. Kwa kipimo kilichotumiwa na watafiti kwa muda mrefu, baada ya mazoezi anahitaji kubakiwa na kalori 45 kwa kila kilo ya hizo, yaani kama 2,000. Akishuka chini ya 30 kwa kilo, yaani kama 1,350, madhara yanatazamiwa. Kama mazoezi yamechoma 600, basi siku hiyo anatakiwa kula kama 2,600. Chai ya asubuhi na bukari ya jioni haifiki huko.

Mwili ukikosa, unabana matumizi. Siku za mwezi zinapotea. Wachezaji wengi wanafurahi, wanasema afadhali, nimepunguziwa usumbufu, na hata makocha wanadhani ni dalili ya mazoezi makali. Sivyo. Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, na hana mimba, aende kwa daktari, kwa sababu homoni iliyopungua ndiyo inayolinda mifupa. Ndipo unasikia maumivu ya ugoko yasiyoisha, au mfupa wa mguu umepata ufa bila kugongwa na mtu. Miaka ya ujana ndiyo ya kujenga mifupa, na mingine haitarudi.

Wavulana nao wamo, ila kwao inaitwa nidhamu. Nimewaona wakikimbia na mfuko wa plastiki chini ya fulana ili watoke jasho kabla ya kupimwa. Wanapoteza maji, wanakunywa, kilo zinarudi, na siku nzima miguu ni mizito. Andrew Flintoff, aliyekuwa nyota wa timu ya taifa ya kriketi ya Uingereza, alieleza hadharani mwaka 2020 jinsi alivyoishi na bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, ulioanza akiwa bado anacheza, wakati magazeti yakimcheka kwa unene wake. Mwanaume mrefu, mwenye nguvu, mchezaji wa timu.

Makocha wananiambia uzito ni sehemu ya mchezo. Sikatai. Mchezaji aliyerudi kutoka likizo bila pumzi anahitaji kazi, na kazi hiyo inapimwa kwa mbio, kwa kuruka, kwa dakika anazodumu. Tangu wasichana wa TP Mazembe walipochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Morocco mwezi wa Novemba 2024, watoto wetu wanajua kwamba mlango upo, na mtoto anayejua hivyo atafanya lolote kocha atakalosema. Ule mwongozo wa Olimpiki wa 2023 unasema walio chini ya miaka 18 wasipimwe umbo la mwili isipokuwa kwa sababu za kidaktari. Klabu zetu zinaweza kuanza kuufuata Jumatatu. Kilo zikihitajika, apime muuguzi, mlango ukiwa umefungwa, na orodha isipite mikononi mwa anayepanga kikosi. Pesa ya faini za uzito inunue mayai na ndizi za baada ya mazoezi.

Na mchezaji akikuambia kwamba hawezi kula, au kwamba anajitapisha, usimjibu "kula tu". Anahitaji daktari wa mwili na mtu wa kumtibu moyo wake pia. Tunacho kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain hapa mjini, na aibu ya kuonekana "kwa wazimu" imewazuia wengi mno kupita mlango ule. Msindikize wewe mwenyewe. Daktari akimsimamisha mazoezi, asimame kweli. Lakini jina lake libaki kwenye orodha, aitwe kwenye mikutano, akae kwenye benchi siku ya mechi akiwa na jezi, kwa sababu mtoto aliyefukuzwa kwenye timu kwa ugonjwa huu hatamwambia mtu mwingine tena.