Mimi Maji Tu, Asante

Mjomba wangu anataka pauni. Si nyingi, anasema, za kumalizia paa tu. Nimemweleza kwa Kiswahili, nimemweleza kwa Kikamba, nimemtumia hata ujumbe wa sauti nikiongea polepole kama mtangazaji wa habari: mimi ni mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa mnaowaita Wamormoni, na silipwi. Hakuna mshahara, hakuna marupurupu, hakuna kitu mwisho wa mwezi. Tena nyumbani ndiko walikochanga ili nije. Akanyamaza kidogo, nikasikia mbuzi wakilia nyuma yake, kisha akauliza, "Kwa hiyo uko Uingereza unafanya kazi ya bure?" Ndiyo, mjomba. "Miaka miwili?" Ndiyo. "Na kila siku umevaa shati jeupe na tai?" Ndiyo. Akakata simu. Habari niliyoletewa baadaye ni kwamba anawaambia watu nimejenga ghorofa Nakuru kwa siri.

Ghorofa! Mimi nina jozi mbili za viatu, na moja haijakauka tangu Oktoba.

Maana mjue niko wapi. Niko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mtu aliyezaliwa chini ya vilima vya Chyulu, mahali ambapo mvua huombewa, na ikija watu wanatoka nje kuitazama, ametumwa kuhubiri mahali ambapo mvua haihitaji maombi ya mtu. Tena mvua ya huku haidondoki, inakuja kwa ubavu. Inaingia kwenye mkono wa koti na kutokea shingoni. Mwavuli wangu wa kwanza ulipinduliwa na upepo siku ileile nilipoununua. Wa pili mara ya mwisho kuonekana ulikuwa unaelekea Blackpool bila mimi.

Kengele inalia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi, maombi, kifungua kinywa, kusoma maandiko, kisha nje. Kwenye karatasi ratiba ni nzuri, lakini aliyeiandika sidhani alikuwa na Desemba ya Preston akilini. Desemba huku jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo tunaruka kamba gizani, tunasoma gizani, na saa kumi na moja jioni tunabisha milango ya watu gizani, vijana wawili warefu wenye makoti meusi. Ningekuwa mimi niko ndani, nisingefungua. Ningezima taa na kumwambia mtoto asikohoe. Halafu ikifika Juni mambo yanageuka: saa nne na nusu usiku tunatakiwa tuwe tumezima taa, na mbingu bado ina mwanga. Jirani anakata majani, watoto wanacheza mpira, mmisionari amejifunika blanketi hadi kichwani akijaribu kuamini kwamba ni usiku.

Nimesema tunabisha, wingi, kwa sababu mimi sipo tena umoja. Mmisionari ana mwenzi wa kazi, na kanuni ni kwamba muonane na msikiane wakati wote. Nyumbani tulikuwa watoto saba, nikadhani nimeshazoea kukosa faragha. Nilikuwa najidanganya. Wale ndugu zangu walikuwa wakienda malishoni angalau! Huyu mwenzangu wa Utah, Marekani, haendi popote. Akiishiwa maziwa, sote tunaenda dukani, wanaume wawili wenye tai nyuma ya galoni moja. Nikitaka kunyolewa, sote tunaenda kinyozi, naye anaketi pale kwenye benchi na beji yake kifuani, akisikiliza watu wa Lagos na Kingston wakigombana kuhusu Arsenal, anatabasamu, haelewi hata nusu. Bafuni tu ndiko ninakoingia peke yangu, na nikikawia anauliza kupitia mlango kama niko salama.

Ni kijana mwema, sisemi vibaya. Lakini nilimpikia ugali, ugali wa kweli, unga nimeutafuta hadi duka la Wahindi, nikageuka kuchukua mboga, niliporudi amemwagia maziwa na sukari. Na anakula! Kwetu hiyo ni kesi ya kupeleka kwa wazee. Tatizo ni kwamba huku wazee ndio sisi. Kanisani kila mmisionari wa kiume ni Mzee fulani, hata kama ndevu zake bado ziko njiani.

Sasa milango. Wazungu wa hapa hawana ukali, hilo niwape. Wanakufukuza kwa upole mpaka unawashukuru. "Leo hapana, mpenzi," na mlango unafungwa taratibu kabla sijafika kwenye jina langu. Kuna wenye kibandiko kinachosema wauzaji wasibishe, na tunasimama mbele yake tukijadiliana: sisi ni wauzaji? Tunauza nini? Kuna wanaodhani sisi ni Mashahidi wa Yehova, wanatuambia tulikuja jana. Kuna kengele zenye kamera. Unaibonyeza, inakujibu yenyewe, mwenye nyumba yuko Hispania ufukweni. Nimewahi kuieleza kengele mpango wa wokovu kwa utulivu kabisa, ikasikiliza vizuri kuliko watu wengi, mwishoni ikaniomba nisogeze pipa la taka kwa kuwa kesho ni siku ya gari.

Kuna na yule mzee aliyefungua, akatutazama juu hadi chini, akauliza, "Nyinyi si ndio mnaooa wake wengi?" Mwenzangu akawa mwekundu hadi masikioni, akaanza kueleza kwamba kanisa lilitangaza kuachana na mambo hayo mwaka 1890. Mimi nilitulia. Babu yangu alikuwa na wake watatu na hakuwa Mmormoni, alikuwa Mkamba.

Kinachoniuma ni historia. Mwaka 1837 wamisionari wetu wa kwanza kuvuka bahari walifika hapahapa Preston, akina Heber Kimball, kutoka Marekani. Wakahubiri kanisani kwa mchungaji mmoja wa mjini. Wiki moja baadaye, tarehe 30 Julai, watu tisa walibatizwa katika mto Ribble, na wawili kati yao walishindana mbio kwenda mtoni nani awe wa kwanza. Mbio! Aliyeshinda aliitwa George Watt. Watu wanakimbilia ubatizo, umati umejaa ukingoni kutazama. Nimeutazama mto huohuo kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mtu pekee niliyemwona akikimbia alikuwa ananikimbia mimi.

Halafu wananiuliza, kwa mshangao wa kweli, "Umetoka Afrika kuja kutuhubiria sisi?" Mimi ningewauliza, mchezo huu alianza nani? Krapf, yule mmisionari wa zamani aliyekuja kwetu, alikuwa Mjerumani, lakini waliomtuma ni jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana ya Uingereza. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa miguu, na Kivoi, mkubwa wa Wakamba wakati ule, akampokea na kumkaribisha. Hakumwambia leo hapana, mpenzi. Hakumwambia asogeze pipa. Mimi naona kuna deni hapo, lakini rais wa misheni, yaani mkubwa wetu huku, amesema tusilete mambo ya madeni mlangoni.

Lakini mlango uliofungwa una nafuu yake. Unasema asante, unaenda unaofuata. Unaonitesa mimi ni ule unaofunguka. Mtu wa Lancashire akishakufungulia, akaona umelowa na meno yanagongana, hana swali lingine duniani ila moja: chai?

Na mimi chai sinywi.

Ni Neno la Hekima, ufunuo wa mwaka 1833: pombe hapana, tumbaku hapana, kahawa hapana, chai hapana. Pombe na tumbaku hazijawahi kunisumbua. Lakini jamani, nimetoka nchi ya chai, nikaletwa nchi ya chai! Majani mengi wanayokunywa hawa watu yanatoka Kenya, yamepanda meli kutoka Mombasa, yamenisubiri huku kwenye kikombe cha bibi wa miaka themanini anayenitazama kwa huruma. Nikisema "mimi maji tu, asante," uso wake unaanguka. Anadhani sijapenda nyumba yake. Nilidhani nimeyamaliza haya kwa nyanya yangu, aliyekaa na kinyongo tangu familia yetu ibatizwe, kwa maana mgeni asiyekunywa chai kwake amekuja kupeleleza. Mwenzangu ana unafuu. Yeye kwao kitongoji kizima hakinywi, hajui alichokosa. Mimi harufu ya tangawizi inaweza kunifanya nisahau mstari wa maandiko katikati.

Ndipo wiki iliyopita, Burnley, mvua ya ubavu, tunabisha, mlango unafunguliwa na mama mmoja aliyevaa leso. Leso! Akasoma jina kwenye beji yangu, akaliangalia tena.

"Wewe mtoto, wewe si wa Ukambani?"

Nusura nilie. Ni muuguzi, ametoka Kakamega, yuko hospitali ya huku miaka mingi. Shukrani kwa Mungu mumewe alikuwepo, kwa sababu kanuni hazituruhusu kuingia nyumbani kwa mama aliye peke yake. Tumeshahubiri barazani mvuani zaidi ya mara moja, mwenye nyumba akitushangaa kwamba mlango uko wazi na hatuingii. Safari hii tuliingia. Tukapewa ugali, sukuma wiki, na kuku aliyechemshwa kwa heshima zote. Mwenzangu hakuomba sukari, nikajua ameanza kukomaa.

Kisha nikasikia sufuria jikoni. Nikasikia maziwa yakipanda. Harufu ikatangulia, mama akafuata.

"Haya majani si ya dukani hapa," akasema. "Haya nilibeba mwenyewe."

"Mama, asante sana, lakini chai sinywi."

Sufuria ikabaki hewani.

"Una vidonda vya tumbo?"

"Hapana, mama."

"Ni sukari? Nikuwekee isiyo na sukari?"

"Hapana, ni mambo ya kanisa."

Akamgeukia mumewe. "Baba Sharon, unasikia? Kanisa gani hili linamnyima mtoto wa watu chai?"

Mumewe hakutoa macho kwenye mpira. "Afadhali chai. Ungefurahi akikuomba bia?"

"Bia nayo hatunywi," nikasema.

"Kahawa?"

"Hapana."

"Sasa kwa baridi hii unakunywa nini?"

Nikataja maji. Akasema yeye ni muuguzi, na kama mama yangu angekuwa na namba yake angekuwa ameshapigiwa. Akarudi jikoni akatuchemshia maziwa na tangawizi, bila majani, lakini tangawizi aliiweka kwa hasira. Mwenzangu akaninong'oneza kama hii inaruhusiwa. Nikamwambia kunywa. Akanywa, machozi yakamtoka, akasema ameguswa sana na ukarimu wa mama huyu. Mama akamwongeza kikombe cha pili.

Tukamaliza kwa maombi, tukawakaribisha kanisani Jumapili. Mumewe akasema kuna mechi. Mama akasema kama zamu ya usiku haitamchosha sana, ataangalia. Akauliza ibada ni ya muda gani. Nikasema saa mbili.

"Baada ya ibada kuna chai?"

Nikamtazama mwenzangu. Mwenzangu akaangalia zulia. Mama amesali kwa Waanglikana tangu utotoni, kwao huku chai baada ya ibada ni kama sehemu ya liturujia.

"Hakuna, mama."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi nitakuja. Lakini nakuja na thamosi yangu."

Tangu tutoke pale mwenzangu hana amani. Anataka kujua kama kuna kanuni kuhusu mgeni mwenye thamosi. Jana usiku tumepekua kitabu cha kanuni kutoka mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka saa ya kuzima taa. Kuogelea kumo. Muziki umo. Thamosi hamna.